Njiwa Niliyempa Jina Langu

Nyumbani kwetu Muleba kuku hawakuwa na majina. Tuliwajua kwa rangi zao au kwa walikotoka: yule mweusi, yule wa Kaagya, yule kilema. Baba alikuwa akisema jina ni la mtu aliyepelekwa kanisani akamwagiwa maji, na kuku akishapewa jina hafai tena kuliwa wala kuuzwa, anabaki kula mahindi ya watu bure. Nikiwa darasa la tatu nilimpa tetea mmoja jina kwa siri. Krismasi ilipofika akachinjiwa mgeni. Niligoma kula, nikalia mezani mpaka mgeni mwenyewe akaona haya. Baba hakunipiga. Aliniambia tu kwamba nisingempa jina, saa hizi ningekuwa nakula na wenzangu.

Baba ameshafariki, nami ni mwalimu, mtu mzima kabisa kwa umri wangu, lakini somo lile sikulishika.

Mama yangu anasahau. Alianza na vitu: funguo, chumvi, sufuria iliyoachwa jikoni mpaka ndizi zikaungua. Kisha akaja kwa watu. Daktari aliyempima mjini Bukoba alituambia hakuna dawa ya kuurudisha ugonjwa huo nyuma. Kilichobaki ni kumpa kazi ndogondogo za kila siku na kumtajia majina ya watu wake mara kwa mara. Mama anaishi kijijini na shangazi yangu, dada wa baba, mjane asiyependa maneno mengi. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza. Mimi nafundisha shule ya msingi huko Kahororo, Bukoba mjini, na kila Jumamosi ya pili naenda kumwona.

Jumamosi moja alinipokea kwa kusema, "Karibu, mwalimu." Nilifurahi, nikadhani ananitania. Jioni ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na kingine cha kuniita. Alimwona mwanamke mwenye mkoba na viatu vya kufunika, akakisia.

Nina majina mawili. La ubatizo ndilo la ofisini na shuleni. Lile la Kihaya ni la nyumbani, alinipa mama mwenyewe, na yeye hulitamka kwa kuivuta silabi ya mwisho kidogo, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa kibanja, katikati ya migomba. Hakuna mwingine anayeivuta hivyo. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: aniite tena. Sikutaka apone, maana daktari alishanikatia tamaa hiyo. Nilitaka mara moja tu, anitazame usoni aniite.

Nilijaribu kila njia. Nilimletea picha, nikaimba nyimbo alizokuwa akitubembelezea, nikapika senene kama alivyopenda. Alikula senene akasema mpishi ana mkono mzuri.

Ndipo nikawaza njiwa. Kuna mzee mmoja kijiji cha Kagondo anafuga, akaniuzia wawili: dume la kijivu na jike la rangi ya udongo lenye bawa moja jeupe. Fundi akawapigilia kibanda cha mbao juu ya nguzo karibu na jiko. Mama aliwapenda siku hiyohiyo. Kila asubuhi akawa anawamwagia mahindi ya kupaazwa, kila jioni anawahesabu wakiingia, mmoja, wawili, kisha anaanza upya.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimketisha mama mbele ya kibanda nikamwambia yule dume anaitwa kwa jina la kaka, na jike anaitwa kwa jina langu. Nilirudia mchana kutwa, kama ninavyowafanyia watoto wa darasa la kwanza herufi. Niliamini kwamba akizoea kuwaita ndege, majina yetu yatabaki mdomoni mwake, na siku moja jina litamtoka kwa njiwa linifuate mimi.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Jina la mtu halifugwi kibandani," alisema. "Ndege ana mwewe, ana paka, ana mvua. Siku akifa, utasema nani kafa?"

Nilimjibu vibaya, na ninaona aibu kuandika jinsi nilivyomjibu. Nilimwambia hii ni tiba, si ushirikina, na kwamba kama yeye ana njia bora aitoe. Shangazi aliokota kisu akaendelea na ndizi zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: methali hiyo nimeiandika ubaoni miaka na miaka, na kuwachapa watoto walioshindwa kuikamilisha.

Tiba ilifanya kazi. Hilo ndilo lililonimaliza. Baada ya majuma machache nilifika nikakuta mama yuko kibandani, nikasimama nyuma ya jiko nisikilize. Akaita jina la kaka. Kisha akaita langu, na silabi ya mwisho akaivuta vilevile. Nilijiziba mdomo kwa kanga nikalia. Nilipojifuta nikajitokeza mbio kama mtoto.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kinyume. Mama alizidi kuwajua ndege na kuzidi kutusahau sisi. Picha iliyo ukutani, ile ya Komunyo yangu ya kwanza, akaanza kuuliza ni ya mtoto wa nani. Shangazi akimtajia jina langu, anageuka kutazama kibandani. Alimsimulia jirani kwamba binti yake hali vizuri siku za baridi na anapenda kukaa juani. Niliona wivu. Nilimwonea wivu njiwa, mimi mwenye shahada, na siku moja mama alipoingia ndani nilimtupia kibuyu cha maji yule jike aondoke mbele ya macho yangu. Aliruka, akatua juu ya paa, akanitazama kwa jicho moja.

Nilifikiria kuwarudisha Kagondo. Shangazi akaniuliza ninataka kumnyang'anya mama watoto wake mara ngapi. Nikawaacha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mitihani. Sheria ya usimamizi ni simu zote kuzimwa na kufungiwa ofisini, nami nilizima yangu saa moja na nusu asubuhi. Saa ileile shangazi alikuwa ametoka kwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, amemwacha mama kibandani kama kawaida. Hakukaa sana huko. Lakini mwewe naye hakuhitaji muda mrefu.

Mama alitoka mpaka barabarani, manyoya mkononi, akipiga yowe. Alilia jina langu, jina kamili, na kusema mwanangu amekufa, mwanangu amechukuliwa mbele yangu. Kwetu yowe la msiba halijadiliwi. Anayelisikia huacha jembe alipo. Majirani walijua mama anasahau, ila walijua pia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna aliyewahi kusikia mtu akisahau kwamba mwanawe yu hai. Wakadhani amepigiwa simu. Mmoja akanipigia mimi ahakikishe. Simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Hiyo ikawa ndiyo hakika.

Nilipowasha simu saa saba mchana nilikuta ujumbe usiohesabika. Kaka alikuwa amepiga mara nyingi kuliko alivyonipigia mwaka mzima. Nilipompigia aliniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni nani?" Nikamjibu ni mimi. Akalia kwa nguvu kiasi kwamba sikuelewa neno. Nilipokata, shangazi naye akapiga, akanieleza yote kwa sentensi nne. Ya mwisho ilikuwa, "Njoo, maana mama yako hakubali watu waondoke."

Kutoka Bukoba hadi Muleba sikumbuki njia. Nakumbuka pale barabara kuu, nilipopanda bodaboda ya baba mmoja wa makamo anayenifahamu kwa sura tu. Nilipomtajia nyumba akanipa pole. Akauliza marehemu alikuwa nani yangu.

"Ni mimi," nikamwambia.

Alinishusha mbali kidogo na nyumba.

Uwanja ulikuwa umejaa. Nyasi zilikwisha kutandazwa, wanaume wamekaa upande wao, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani na kuni zimerundikwa. Watu walikuwa wameshaambiwa ukweli, ila walibaki kwa ajili ya mama, na kwa sababu ndizi zilikuwa zimemenywa. Nilipopita wengine walicheka kwa aibu, wengine walijikuta wanafanya ishara ya msalaba. Mwanamke mmoja tuliyesoma naye alinibana mkono juu ya kiwiko, akaushika kidogo, akauachia.

Mama alikuwa amekaa juu ya nyasi sebuleni, manyoya yamefungwa kwenye pindo la kanga yake. Nilipiga magoti nikamsalimia kama tunavyosalimia wakubwa. Alinishika mikono yote miwili.

"Asante kwa kuja, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima. "Ulimfahamu mwanangu?"

Nikasema nilimfahamu.

Akaanza kunisimulia. Alinisimulia mimi. Kwamba nilizaliwa siku ya mvua, wakanipitisha kibanjani nimefunikwa jani la mgomba. Kwamba nilikuwa na hasira tangu mdogo, lakini ni mimi niliyemwosha baba alipokuwa hoi, wakati wengine wanaogopa harufu. Kwamba nilipopata kazi mjini alikuwa anasimama barabarani kila Jumamosi hata zile ambazo si zangu. Mambo hayo hakuwahi kuniambia. Mama yangu si mtu wa kusifu watoto wake mbele yao, anaona ni kuwaharibu. Kila baada ya maneno machache alilitaja jina langu, na kila mara aliivuta ile silabi ya mwisho, akinitazama usoni kabisa.

Nilikuwa nimepewa nilichokiomba. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, mimi ndiye," nikasema. "Sijafa. Nipo hapa." Nikalitaja jina langu.

Aliachia mikono yangu. Hakukasirika sana. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni asiyejua adabu, akasema kwa upole, "Jina la marehemu halichezewi, binti. Mwenyewe ameondoka nalo."

Kisha akamwambia shangazi aniletee kahawa. Shangazi akaja na kikapu kidogo cha zile za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa, akakishika mbele yangu huku anatazama ukutani. Kahawa hizo kwetu hupewa mgeni. Mtoto wa nyumba hapewi, mtoto hujichukulia mwenyewe. Nilichukua mbili nikatafuna mbele ya mama yangu, nikamshukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Tuliyazika manyoya jioni, chini ya mti wa kahawa, maana mama alikataa kula mpaka azike. Shangazi hakuniambia kwamba alinionya. Ningependa angesema.

Ungedhani hapo ningekoma. Kukata tamaa hakumfundishi mtu akili. Jumamosi mbili baadaye nilikuwa Kagondo tena, namsumbua yule mzee anitafutie jike la rangi ya udongo lenye bawa jeupe, maana mama hakuwa akilitaja jina langu tena, hata kwa ndege. Jioni alikuwa akiita jina la kaka tu. Kaka alikuwa bado yu hai, mimi sipo. Mzee alipata jike ambalo bawa lake lilikuwa na madoa badala ya weupe. Nikalichukua hivyohivyo, nikasafiri nalo kwenye boksi la biskuti mapajani mwangu hadi Muleba.

Mama alilitoa kwenye boksi mwenyewe. Alilipapasa kichwa, akakunjua bawa, akalikunja. Nikamwambia, "Mpe jina, mama. Lile la mwanzo."

Alitikisa kichwa.

"Huyu asipewe," akasema. "Wenye majina wanachukuliwa."

Shangazi aliacha kufagia. Mama alimweka njiwa kibandani, akafunga kimlango, akajaribu kama kimeshika. Kisha akageuka akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu hadi usoni, nami nikaona kitu kikipita machoni mwake ambacho nimekuwa nikikitafuta tangu hapo kila niendapo. Akamwambia shangazi, akininyooshea kidole:

"Na huyu naye, msimuulize jina. Mwacheni aishi."

Ndiyo maana humu sikuliandika. Jumamosi ya pili naenda, napiga magoti, nasalimia, napewa kahawa mbili. Njiwa asiye na jina anaendelea vizuri.