Mwinjilisti na Kigiriki

Katika chuo chetu cha theolojia hapa Kasulu, naketi dawati moja na mama mwinjilisti kutoka Heru Juu, ambaye kwa umri anampita mama yangu mzazi. Hufika kwa bodaboda, akafuta tope viatuni kwa majani kabla ya kuingia, kisha akatusalimia kwa Kiha mmoja mmoja. Vidole vyake vimepasuka kwa kumenya mihogo, na akiandika herufi za Kigiriki huinamia karatasi kama anayetunga uzi kwenye sindano. Akikosea hucheka peke yake, anafuta, anaanza upya.

Muhula uliopita alifeli Kigiriki. Mwalimu wetu, Mchungaji Nduwayezu, kijana mpole, alimshauri ahamie kozi ya cheti, ambako lugha hiyo haifundishwi.

“Baba mchungaji,” mama alimjibu, “miaka yote hii nasimama makaburini nawaambia wafiwa kwamba Yesu naye alilia. Nawaambia kwa kuwa wengine wametafsiri hivyo. Niache nikaone mwenyewe.”

Mwalimu akamwacha arudie mtihani. Jana tulibaki darasani nikimsaidia kujiandaa, tukafika kwenye kisa cha kaburi la Lazaro. Alisoma silabi kwa silabi, akakwama kwenye neno moja. Nilipofungua mdomo nimtajie, aliniwekea mkono begani ninyamaze. Akalitazama kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza bila sauti.

“Alilia,” alisema hatimaye, akavua miwani. “Kumbe sikuwadanganya.”