Kinanda cha Kuiga

"Hiki ni feki, mama watoto! Nitapigaje feki kanisani?"

"Na Jumapili utapiga nini, baba watoto? Meza?"

Mwalimu wa kwaya na mkewe, Wakenya wanaoishi mtaa wa Kyebando, waligombana hivyo dukani ninapouza vinanda, mtaani Wandegeya. Kinanda cha kwaya kilikuwa kimekufa. Bei ya kile halisi hawakuiweza. Ya hiki kilichoigwa waliiweza.

Mwalimu akabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayepima uji wa moto. Kisha vidole vyote vikashuka, akafumba macho. Bodaboda za nje zikawa mbali sana, nami nikasahau kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Sikumaliza shule, lakini nadhani sauti haina habari kwamba imeigwa.

Mkewe akalipa. Mlangoni, mwalimu alikumbatia kinanda, akamnong'oneza mkewe:

"Usiwaambie wanakwaya. Waache waimbe kwanza."