Jumatano za Akina Mama

Viti vile vya mbao bado vina kelele yao. Mtu akisimama, kikalio hujikunja chenyewe na kugonga mgongo wa kiti, na waumini wakisimama wote kwa pamoja utadhani mahindi makavu yanamwagwa juu ya mabati. Kanisa hilo la Kitale zamani lilikuwa jumba la sinema. Waliolinunua hawakuona sababu ya kutupa viti vizima.

Nilikuwa nimeenda kuulizia habari za jengo. Mimi ni mwalimu wa historia Bungoma, na tangu mwaka jana nimekuwa nikizunguka kutafuta watu wanaokumbuka majumba ya sinema ya miji yetu hii midogo: nani aliyajenga, nani alikaa wapi, kwa nini yalifungwa. Wanafunzi wangu hunicheka, maana kwao sinema iko mfukoni, kwenye simu. Lakini siku hiyo viti vilipogonga, nilishindwa kutulia. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Bawabu akaniuliza kama ni tumbo linaniuma. Mwaka nilipokuwa na umri wa miaka minane ulikuwa umenirudia wote kwa mkupuo.

Tuliishi Kimilili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku ya kupalilia. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi. Mwaka huo ndugu yangu mdogo, Wafula, alikufa kwa homa kabla hajajua kukaa bila kushikwa. Siku ya mazishi akina mama wa kanisa walimzunguka Mama wakamnyamazisha. Walimwambia kwamba mtu aliyeokoka hamlilii mtoto aliyekwenda kwa Bwana, na kwamba kulia kupita kiasi ni kugombana na Mungu. Baba naye alituomba tusilitaje jina la Wafula nyumbani, ili Mama apone upesi. Siku ya tatu tukasikia cherehani. Mama hakulia. Alikonda tu.

Likizo ya Agosti alinichukua twende Kitale kununua bitana. Duka alilolizoea lilikuwa la mama mmoja Mhindi wa Kisikh ambaye mji mzima ulimwita Mama Kalasinga, ila Mama alimwita Mama Gurpreet, kwa jina la bintiye, kama vile yeye mwenyewe alivyoitwa Mama Nekesa kwa jina langu. Mama Gurpreet alimtazama mgongoni, mahali alipozoea kumwona mtoto, akauliza. Mama akatikisa kichwa. Yule mama hakusema pole. Alikunja kitambaa alichokuwa akipima, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akamshika Mama mkono.

"Leo Jumatano," alisema. "Sinema ya wanawake tu. Wewe kuja."

Katika nyumba yetu, sinema iliwekwa fungu moja na pombe. Nilidhani Mama atakataa. Alinishika mkono tukafuata.

Ndani kulinukia mafuta ya nazi, njugu za kukaanga na maua ambayo wale wanawake walichomeka kwenye nywele. Mashine ilinguruma juu nyuma yetu, na mwali wa taa ukapita juu ya vichwa ukiwa umejaa vumbi. Filamu ilikuwa ya Kihindi. Mama Gurpreet aliinamisha kichwa kwa Mama, akawa anamtafsiria kwa Kiswahili chake: huyu iko mama yake, huyu hapana jua mtoto nakufa. Mimi nilikuwa nimeshughulika na njugu. Nilipogeuka, mabega ya Mama yalikuwa yakitetemeka, na sauti ilikuwa ikimtoka ambayo sikuwahi kuisikia, hata kaburini. Nilimvuta nguo. Hakunisikia. Niliangalia kushoto na kulia nione nani atamnyamazisha, nikaona safu nzima inalia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baadaye Mama alinawa uso kwenye bomba la nje. Akaniambia, "Nekesa, sisi tulikuja kununua bitana. Basi."

Tulirudi Jumatano mbili zaidi likizo hiyo. Kila mara kondakta wa basi alisimama mlangoni kwetu na kutangaza kwamba Mama Kalasinga anasema kitambaa kimefika. Kila mara Mama alilia vilevile. Ile siri ilinikaa kama siafu ndani ya nguo. Sikuweza kumaliza chakula, sikuweza kumtazama Baba akisali. Haikuwa hofu ya dhambi. Niliamini kwamba Mama ni mgonjwa, ugonjwa unaompata Kitale tu, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Basi Jumapili moja mwalimu wa watoto kanisani akauliza kama kuna mgonjwa wa kuombewa. Mwenzangu mmoja aliombea ng'ombe wao. Mimi nikasimama, nikasema kwa sauti kubwa kwamba tumwombee Mama, kwa sababu kila Jumatano analia sana ndani ya sinema ya Kitale.

Maombi yalifanyika. Kabla ya chakula cha mchana, wazee wote wa kanisa walikuwa wamekwisha kusikia.

Walimtenga Mama na meza ya Bwana, wakamtoa kwenye umoja wa akina mama, na Baba akavuliwa uzee. Mama alitakiwa atubu mbele ya watu. Alisimama na gauni lake la bluu, akasema, "Nilimficha Baba Nekesa. Hiyo ndiyo naungama." Wakangoja aendelee. Akaketi.

Hakwenda tena Kitale. Bitana ilinunuliwa na Baba, ambaye hakuwahi kupatia rangi hata mara moja, na Mama aliishona hivyohivyo. Mimi sikuchapwa. Nilingoja fimbo wiki nyingi, nikiruka kila nikiitwa, na haikuja. Laiti ingekuja.

Sasa, katika kuuliza kwangu, nimeongea na wanawake wengi, wa Bungoma na wa Kitale. Hakuna anayekumbuka jina la filamu. Wanakumbuka waliyekaa naye. Mwezi uliopita nilimpata Gurpreet, mzee mwenyewe sasa, bado yuko katika duka la marehemu mama yake. Nilimweleza mimi ni nani. Alicheka kidogo. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa na desturi ya kumuuliza mwenye mashine filamu ya wiki ile inahusu nini. Ikiwa ni ya vichekesho au mapenzi, hakutuma neno Kimilili. Ikiwa kuna mtoto anapotea au kufa, ndipo kondakta aliambiwa kitambaa kimefika.

Sikulala Kitale kama nilivyopanga. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama, nikamkuta akipepeta maharagwe, nikamweleza nikiwa bado nimesimama. Alisema alijua. Ndipo nikamwomba msamaha, baada ya miaka yote hiyo. Nilimwambia kwamba nilimnyang'anya mahali pake pa kulilia.

Mama aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Watu wote waliniambia ninyamaze. Wewe ulisimama ukasema Mama analia, aombewe. Nani mwingine aliniombea mwaka ule?"

Nikavuta kigoda, nikaketi. Mtoto niliyekuwa alidhani machozi ndiyo ugonjwa, na msichana aliyekua baada yake akajiona msaliti. Wote wawili hawakumuuliza Mama. Nimejifunza kuuliza watu nisiowajua, mji hadi mji, mambo ya majengo. Yeye nilimwogopa, naye alikuwa hapo hapo, kwenye cherehani, miaka yote.