Karata Katika Kompyuta ya Mama Mdogo

Nilidhani mama mdogo, fundi cherehani, ndiye aliyeiharibu kompyuta yao. Sijui hata leo uhakika ule niliutoa wapi. Matangazo yalikuwa yakijifungua yenyewe juu ya michoro ya gauni la harusi alilopaswa kulikata jioni hiyo, na hofu yake ilikuwa moja tu: michoro isipotee.

"Mwambie, mwanangu," baba mdogo alichombeza kutoka kwenye kochi. "Huyu akiona kitu kinamemeta, lazima akiguse."

"Soma gazeti lako, mzee," mama mdogo akamjibu, futi ikining'inia shingoni.

Nilinakili michoro kwenye flashi, nikakata intaneti, kisha nikaanza kuziondoa programu ngeni moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye mchezo wa karata, mama mdogo akanishika bega.

"Huo uache."

"Mama, huu ndio uliowafungulia wenzake mlango."

"Basi nitafutie mwingine usio na maradhi."

Nilishangaa, maana sikuwahi kumwona akicheza chochote, lakini nikatii. Kompyuta ilipowaka upya, gauni likajitokeza bila tangazo hata moja. Mama mdogo akapiga kigelegele, akachukua mkasi.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yeye hajui karata hata kidogo. Mchezaji ni baba mdogo, tangu alipostaafu, kila mkewe anapokwenda kununua vitambaa; na mkewe alilijua hilo siku zote.