Kiti cha Kwenda Kuona Meli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa randa, tupa na rundo la magongo ya kwapani yaliyovunjika. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, katika karakana ya hospitali moja ya misheni mjini Bukoba. Niliitwa fundi msaidizi wa viungo, cheo kikubwa kwa mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa akichonga stuli. Fundi Mkuu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Hapa hatupimi mti kwanza. Tunampima mtoto."

Tulitengeneza magongo, viatu vyenye soli nene upande mmoja, na magango, yaani mbao nyembamba za kufungia mguu ili unyooke. Wengi wa watoto wetu walikuwa wamepoozeshwa miguu na homa. Tuliwafunza kusimama, kisha tukawarudisha kwao. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua mambo, basi nikajiuliza: wakishafika nyumbani, hutoka kwenda wapi? Nikaanza kuwatembelea kwa baiskeli. Hawakutoka kwenda popote. Walikaa nyuma ya nyumba, migombani, na mgeni akibisha hodi waliingizwa ndani.

Huko Nyanga nilimkuta Kokugonza, msichana wa miaka tisa hivi, ambaye hata magongo hayakumfaa. Meli aliijua kwa honi tu.

"Waitu," aliniuliza kwa adabu ya Kihaya, "meli ina macho? Inajuaje pa kusimama?"

Nikaahidi kumpeleka bandarini akajionee mwenyewe. Mama yake, mjane mwenye shamba dogo la kahawa, alikubali baada ya kubembelezwa sana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linanitia aibu. Niliazima engozi, machela yetu ya Kihaya inayobebwa mabegani na watu wanne. Kwetu anayelazwa humo ni mgonjwa mahututi au maiti. Mimi Mhaya wa kuzaliwa nililijua hilo, lakini siku hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye uzito na mteremko. Kabla hatujafika Miembeni, wanaume walikuwa wakivua kofia. Wakulima waliacha majembe, maana siku ya msiba hakulimwi. Mama mmoja alitua mkungu wake wa ndizi akatusogelea.

"Bojo jamani, poleni! Ni wa nani? Amefariki lini?"

Kokugonza akainua kichwa kutoka kwenye shuka. Yule mama alipiga yowe akakimbia, akauacha mkungu barabarani. Wabebaji wangu walicheka mpaka machela ikayumba. Kokugonza hakucheka.

"Wananililia mimi?" aliuliza.

Tukageuza, tukamrudisha nyumbani. Mama yake alipopata habari, hakunipa hata punje ya kahawa ya kutafuna, na kwetu mgeni asiyepewa kahawa amefukuzwa.

"Umemzika mwanangu akiwa hai," alisema. "Hatoki tena hapa."

Nilimsimulia Fundi Mkuu nikitegemea kukemewa. Akaniuliza tu, "Wewe ukitoka, unatazama wapi?"

"Mbele, bwana."

"Yeye ulimlaza atazame mawingu."

Tukatengeneza kiti cha mbao za muhumula, mti mwepesi, chenye egemeo, ubao wa kuwekea miguu na magurudumu mawili ya baiskeli. Mbele tulitia mipini miwili ya kukivutia, na nyuma kamba ya kuzuia kwenye mteremko. Nilikwenda Nyanga mara tatu kuomba radhi. Mara ya tatu yule mama alikikagua kiti, akakaa yeye mwenyewe, akaniamuru nimzungushe uani. Nilimzungusha mpaka jasho likanitoka. Ndipo akasema, "Nitafuatana nanyi."

Njiani mwanamke mmoja alitua mzigo wake, uso umeshaanza kukunjamana kwa huzuni. Kokugonza akawahi kumwamkia kwa Kihaya, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa. Yule mwanamke alinitazama mimi, akamtazama mama, kisha akamjibu mtoto.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kuona meli."

"Haya, uiangalie vizuri."

Akajitwisha mzigo wake akaenda zake. Mama yake Kokugonza alifuta macho kwa ncha ya kanga. Bandarini mtoto aliitazama meli kwa muda mrefu, akatangaza kwamba haina macho ila ina watu wengi wanaopiga kelele. Kisha akadai apelekwe sokoni.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Muleba, chini ya Bwana Mganga aliyependa kila kitu kiandikwe. Nilitengeneza huko viti vingi, na kila kimoja nilikipeleka mwenyewe barabarani, mtoto akiwa juu yake, kabla sijakiandika kuwa kimekamilika. Nilistaafu nikiwa hukohuko, miaka kadhaa baada ya Uhuru.

Vijana mnaoshika kazi hii sasa mna vyuma na vitabu, nami nafurahi. Baada ya kustaafu nilikwenda Nyanga, nikiwa na hamu ya kujua Kokugonza alivyokuwa. Nilimkuta mama yake, mzee sasa, amenuna mlangoni.

"Hayupo," alisema. "Ametoka na kiti chake tangu asubuhi, akivutwa na vijana wa jirani, wala hakuaga. Siku hizi ndivyo alivyo."

Nilikaa pale kizingitini nikacheka, machozi yakinitoka, naye akaendelea kumlalamikia binti yake.