Vishimo Mguuni mwa Mama

Juzi nesi alinibonyeza mguu kwa kidole gumba, kishimo kikabaki. "Tupime figo, dada," akasema.

Mara ikanirudia alasiri moja ya utotoni kule Kinyala. Mvua ilikuwa imekatika, jiko likinuka moshi na ndizi mbichi. Mama alikuwa ametoka kuchuma chai, ameinyoosha miguu karibu na moto. Nami niliibonyezabonyeza, nikichimba mashimo ya bao langu, nikifurahi yanavyokawia kujaa.

Jirani akachungulia mlangoni. "Mama Tusa, umenenepa mpaka uso! Mumeo anakutunza."

"Ndaga," mama akashukuru, akitabasamu na macho yake yaliyovimba.

Hatukujua kwamba figo zilikuwa zinamfia. Jioni ile nilipiga magoti, nikamwomba Mungu aninenepeshe na mimi kama mama.