Mkasi wa Shemeji

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu mwingine aliyethubutu kugusa mkasi wake. Ukiacha mumewe, yaani kaka yangu, ambaye aliugusa mara moja na sote tuliona yaliyompata. Alikata nao kalenda ya ukutani, ukurasa mmoja tu, apate picha ya mlima ya kubandika mlangoni. Sasa, karatasi huua makali ya mkasi wa nguo, na hilo kila mtu wa nyumba ya fundi analijua. Shemeji hakupiga kelele. Alinyamaza siku tisa. Tangu hapo mkasi ukawa unalala kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni mwake kwa utepe mweusi. Kaka, ambaye alikuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu, ni mtu wa kutii maagizo. Hata meza yenye hiyo droo aliikwepa.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu na duka lake vinatenganishwa na ukuta wa mbao wenye nyufa, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Yalianza na mawe kwenye mfuko wa nyongo wa shemeji. Akapasuliwa, mfuko ukatolewa, akarudi nyumbani anatembea kama aliyebeba trei ya mayai. Kidonda kikapona vizuri. Alikikagua mwenyewe kwenye kioo, akatoa hukumu: "Mshono si mbaya, ila huyu kijana aliyenipasua anaachanisha nyuzi sana." Mwezi wa pili baada ya kupasuliwa vidole vikaanza kuvimba. Akiamka havikunjiki, mpaka saa nne hivi ndipo vinalegea. Vikafuata vifundo vya mikono, kisha magoti. Sisi tukamwambia ni uchovu wa oparesheni tu, utaisha. Siku moja akatuita mimi na kaka, akafunga mlango wa duka.

"Wamesahau pini," akasema.

"Pini gani, shemeji?"

"Pini! Mimi nashona tangu sijaolewa. Nguo ikiisha kushonwa, kuna pini moja lazima isahaulike kwenye pindo. Mteja akivaa, anachomwa huku, anachomwa kule. Na mimi nachomwa huku na kule. Hebu niambieni ni nini kama si pini."

Kaka akauliza kwa upole pini itatokaje tumboni mpaka kidoleni.

"Inatembea. Na kesho nakwenda wanifumue."

Niliwasindikiza. Jambo kama hilo ningelikosaje? Tulipelekwa kwa daktari wa viungo, kijana mwembamba mwenye subira, na shemeji akamsomea mashtaka yote ya pini tangu mwanzo. Yule kijana hakucheka, Mungu ambariki. Akambonyeza vidole kimoja kimoja, akaagiza vipimo vya damu na picha. Tuliporudi wiki iliyofuata, akaiweka picha ya mkono kwenye mwanga.

"Mama, pini hakuna."

Shemeji akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. "Na hiki je?"

"Hiyo ni pete yako, mama."

Ni kweli, pete ilikuwa haivuki kifundo cha kidole tena. Daktari akaketi, akamweleza taratibu kwamba ana baridi yabisi: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka inapigana na viungo vyake mwenyewe. Kwa nini imeanza wakati huu, hawezi kusema kwa hakika, lakini hakuna mtu aliyesahau kitu ndani yake.

"Inaondoka lini?"

"Haiondoki, mama. Tunaituliza." Kidonge cha mara moja kwa wiki, vipimo vya damu mara kwa mara, na kusubiri miezi miwili mitatu kabla ya kuona nafuu.

Shemeji aliitazama mikono yake mapajani kana kwamba ameletewa ya mtu mwingine. Kisha macho yakaangukia koti jeupe la daktari, ambalo mfuko wake ulikuwa umeshikiliwa na uzi mmoja.

"Nani aliyekushonea hili?"

"La hospitali, mama."

"Aibu gani hii, mwanangu. Ijumaa ijayo nikija kwenye vipimo nakuletea koti." Akampima kwa macho, mabega mpaka magoti.

Tulipofika njiani akatuambia, bila kupandisha sauti: "Hilo koti nitalikata kwa mkono wangu. Nisipoweza, nafunga duka. Sitakaa pale nifupishe suruali za watu." Kaka akajikwaa. Mimi niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Bila lile duka, shemeji angekauka huku tunamwona.

Wiki ile kaka alihangaika kweli. Kwa kuwa ugonjwa unaitwa baridi, alifunga madirisha yote na kumvisha soksi nzito mikononi, shemeji akaonekana kama bondia anayesubiri kengele. Kila siku shemeji alisema atakata kesho, vidole vikitulia. Ikafika Alhamisi asubuhi, na kesho hazikubaki.

Kwanza kufuli likamshinda. Ufunguo uliingia, kuuzungusha ndiyo kazi. "Njoo ufungue," akamwambia mumewe. Kaka akafungua, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Shemeji akautoa mkasi kwa mikono miwili. Kitambaa kilikuwa tayari mezani, mgongo na vifua vimechorwa chaki. Mkasi ukauma mara moja, ukadondoka. Akauokota, ukadondoka tena. Mara ya tatu akauacha sakafuni. Nilichungulia kwenye ufa nikamwona analia, na moyo uliniuma, maana sikuwahi kumwona akilia.

Kaka akautazama mkasi. Akautazama mlango. Akainama, akauokota. Nilifumba macho.

"Weka chini," shemeji akasema.

"Siweki." Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia kaka akimjibu hivyo. "Ukitaka kunyamaza siku tisa, nyamaza. Lakini hili duka halifungwi."

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha nikasikia sauti ya shemeji, imekwaruza: "Basi usiushike kama nyundo. Kidole gumba juu. Ule upande wa chini usinyanyuke mezani. Na upumue, mume wangu, usije ukanifia hapa."

Kaka akakata mgongo wa koti, jasho linamtiririka. Akakata vifua viwili. Akakata mkono wa kwanza kwa kufuata karatasi ya kipimo. "Kata mwingine kama huo," shemeji akasema, akageuka kunywa maji. Na kaka, karani wa miaka yote, akakata mwingine kama huo hasa, bila kugeuza karatasi ya kipimo. Shemeji akavilaza vipande viwili mezani, akavitazama.

"Mume wangu, huyu daktari ana mikono mingapi ya kushoto?"

"Ulisema kama huo."

Nilijua sasa siku tisa zinaanza. Badala yake shemeji akaangua kicheko, akajishika pale kwenye kovu, akacheka mpaka nikatoka kibandani kwenda kuona kama yuko salama. "Geuza karatasi," akasema akifuta macho, "umkatie maskini wa kulia." Mchana vidole vilipolegea, akakaa kwenye cherehani akashona. Ijumaa daktari akalivaa koti pale pale, akauliza nani amekata.

"Tumekata," shemeji akasema.

Dawa ilifanya kazi polepole, kama alivyoahidiwa, na muda wote huo kaka ndiye aliyefungua droo na kukata. Mwezi wa nne wa vidonge, saa mbili asubuhi, nilisikia ufunguo ukizunguka kwenye kufuli, na kaka alikuwa bado uani. Ndani ya droo shemeji aliukuta mkasi umeviringishwa vishikio kwa kitambaa cheupe, vinene, vya kuvifaa vidole visivyofumba sawasawa. Kilikuwa ule mkono wa kushoto wa koti, uliozidi. Kupitia ufa nilimwona akiukunjia vidole. Kisha akatandika kitambaa akakata, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa meza, bila kudondosha.

Kaka alikuwa amefika mlangoni. Akaona, akatabasamu, akageuka kuondoka taratibu kama mtu aliyemaliza zamu.

"Unakwenda wapi?" shemeji akamwita. "Njoo ukate mikono." Akauvua utepe wenye ufunguo shingoni, akamvisha. "Lakini ukikata karatasi kwa mkasi huu, tutaachana."

Mpaka leo kaka huuvua akienda kuoga tu.